Marinda ya Mkono wa Kushoto: Uchambuzi wa Kisa cha Ngozi Uzeeni

Niliitwa kwa sababu ya plasta. Mama wa miaka 71 alikuwa amejigonga usiku kwenye ukingo wa kiti, ngozi ya mkono wa kushoto ikachanika chini kidogo ya kiwiko, na binti yake, kwa nia njema kabisa, akambandika plasta ya kawaida. Siku ya tatu akaibandua. Plasta ikaja na ngozi: si kigaga cha kidonda, ngozi yenyewe, kipande cha upana wa vidole viwili, chepesi kama ganda la kitunguu.

Nilimkuta amekaa kitandani, mkono kauweka juu ya taulo, wala damu haimshtui. Alikuwa fundi cherehani kwa zaidi ya miaka 30, na aliyeshona muda wote huo haogopi tundu la sindano. Nilisafisha kidonda, nikakirudisha taratibu kipande kilichokuwa kinaning'inia, nikafunika kwa bendeji isiyonata na kuizungushia kitambaa laini. Juu yake nikachora mshale kwa kalamu, kuonyesha upande ambao bendeji itavutiwa siku ya kubadilishwa, ili ngozi iliyorudishwa isifumuliwe tena. Aliutazama ule mshale kifundi, akauelewa bila kuelezwa. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, akabana ngozi ya mgongo wa kiganja kwa vidole viwili, akaivuta, akaiachia. Ikabaki imesimama kama pindo, halafu ikalala polepole.

"Mwanangu," akasema, "haya marinda yanapigwaje pasi?"

Nikacheka. Nikamjibu, "Mama, huo ni umri tu." Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza katika kisa hiki. Alishusha mkono wa gauni mpaka kwenye kifundo, akanishukuru kwa bendeji, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nilirudi baada ya siku 4 kukagua kidonda, na safari hii niliuliza vizuri. Ninayoyaandika hapa ni kwa ruhusa yake. Mambo machache nimeyabadilisha asije akatambulika.

Alichokuwa anakificha

Miaka miwili ilikuwa imepita hajavaa mikono mifupi. Kwenye picha za pamoja alikuwa anasimama nyuma, mikono ameifunika kwa mtandio. Uso haukumsumbua, uso, alisema, watu wameuona ukizeeka siku baada ya siku na wameuzoea. Mwili ndio uliomshtua, kwa sababu alikutana nao ghafla: siku moja akioga aliinua mkono kujipaka sabuni, akaona ngozi ya juu ya kiwiko inaning'inia na imejikunjakunja kama kitambaa cha krepe. Miguu imepauka, ina nyufa. Mikono ina mabaka ya zambarau ambayo hakumbuki kujigonga popote.

Nikamuuliza tena, "Mama, ukisema marinda, ni lipi hasa linalokuuma?" Akanyamaza kidogo. Halafu akanisimulia kuhusu mjukuu. Mtoto ana miaka 5, na mchezo wake ulikuwa kushika mkono wa bibi yake wakati wa hadithi. Siku moja akaibana ngozi, akaivuta, akapiga kelele ya furaha: "Bibi, ngozi yako inatembea!" Kwa mtoto ulikuwa ugunduzi. Kwa bibi ulikuwa msumari. Tangu siku hiyo kila mtoto akiugusa mkono, bibi anauondoa. Binti yake aliliona hilo na akadhani mama anaumwa viungo.

Binti naye alikuwa na maelezo yake kuhusu mikunjo: maji. Alikuwa amesikia kwamba ukibana ngozi ya mgongo wa kiganja isiporudi haraka, mtu amekaukiwa maji mwilini. Basi kila saa glasi. Mama akawa anaamka usiku mara nne kwenda chooni, gizani, na katika moja ya safari hizo ndipo alipojigonga kwenye kiti.

Hapa pana jambo ambalo familia nyingi hazijaambiwa. Kubana ngozi ni kipimo kinachofaa kwa mtoto anayeharisha; kwa mzee kinadanganya. Ngozi yake hairudi haraka kwa sababu nyuzi za kuirudisha zimechakaa, hata kama amekunywa maji ya kutosha. Ukitaka kujua kama mzee amekaukiwa, angalia ulimi na midomo, angalia rangi na wingi wa mkojo, angalia kama amechanganyikiwa ghafla. Na maji ya kunywa, hata yawe mengi kiasi gani, hayanyooshi mikunjo. Mama huyu alikuwa hajakaukiwa hata kidogo. Tulipunguza glasi za jioni, tukaweka taa ndogo njiani, kiti tukakisogeza.

Nilichokiona kwenye mwanga

Nilimwomba akae karibu na dirisha, mikono yote miwili wazi, kisha miguu. Mabaka ya zambarau yalikuwa kwenye mikono tu, kuanzia kiwiko hadi kiganja, mengine mapya, mengine yameacha doa la rangi ya kutu. Haya yana historia: daktari Mwingereza Thomas Bateman aliyaeleza mwaka 1818. Mishipa midogo ya damu imebaki bila kitu cha kuishikilia, ikiguswa kidogo inavuja, na damu inavilia chini ya ngozi. Kwenye mikono na miguu yalitawanyika pia madoa madogo meupe kama matone, ya milimita 2 hadi 5. Hayo alikuwa anayaogopa kuliko yote, bila kuthubutu kutaja ugonjwa aliokuwa anaufikiria. Nikachukua uzi wa pamba, nikamwambia afumbe macho, nikagusa doa moja baada ya jingine. Kila mguso aliuhisi. Madoa ya ukoma mara nyingi hupoteza hisia. Haya ni ya umri na jua, yanawapata watu wengi wenye ngozi nyeusi wanapozeeka, na hayana madhara. Alivuta pumzi ndefu, nikajua zile pamba zimefanya kazi kubwa kuliko bendeji.

Halafu nikagundua kwamba mikono miwili haifanani. Wa kushoto ulikuwa umekunjamana zaidi, una madoa mengi zaidi, na ngozi yake ni ngumu kidogo kwa nje. Tofauti haikuwa kubwa, ila ukiiona mara moja huwezi kuacha kuiona. Nikamuuliza cherehani yake ilikaa wapi. "Dirishani. Mwanga ulikuja kushotoni, miaka yote."

Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno aina ya UVB, ile inayounguza. Aina ya UVA hupita kwa wingi, nayo ndiyo inayozama hadi tabaka la kati la ngozi na kukata nyuzi zake. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69 aliyeendesha kwa miaka 28: nusu ya uso wake, ile ya upande wa dirisha, ilikuwa na makunyanzi mazito kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyemzidi miaka mingi. Nilimweleza mama habari za dereva huyo na akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata mwenzake, "Kumbe hata wanaume."

Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili. Kipimo kilichofanywa mwaka 1979 kilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hukinga kwa wastani wa 13.4, na la ngozi nyeupe 3.4, kwa kipimo kilekile kinachoandikwa kwenye chupa za losheni za kukinga jua. Ndiyo maana makunyanzi huchelewa kwa watu weusi. Kuchelewa si kutokuja, na miaka 30 ya dirisha ni mingi.

Kabla hajavaa nilimwomba afanye jambo moja akiwa peke yake: aitazame ngozi ya mahali ambapo jua halijawahi kufika, aifananishe na ya mkono. Alirudi anatabasamu. Huko ngozi ilikuwa nyembamba, imelegea kidogo, lakini laini na ya rangi moja. Hiyo, nikamwambia, ndiyo miaka 71. Iliyobaki imeongezwa na mambo mengine, na hayo mengine ndiyo tunayoweza kuyajadili.

Kitambaa, lastiki na mshono

Kwa kuwa nilikuwa naongea na fundi, nilitumia lugha yake. Tabaka la kati la ngozi ni kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kolajeni, na ndani yake zimepitishwa lastiki ziitwazo elastini. Kolajeni hupungua kwa karibu 1% kila mwaka wa utu uzima. Kwa mwanamke, hedhi inapokoma na homoni ya estrojeni kushuka, kasi huongezeka: katika miaka 5 ya kwanza anaweza kupoteza hadi karibu 30% ya kolajeni ya ngozi. Lastiki nazo huchoka, na mwili ukishapevuka hautengenezi nyingine za maana.

Sehemu iliyomvutia ni ya mshono. Tabaka la juu na la kati kwa kijana zimeshikana kama meno ya zipu, vilima vya moja vimeingia kwenye mabonde ya nyingine. Uzeeni vilima hivyo hulala, tabaka mbili zikabaki zimelazana tu kama bitana iliyopigwa bandi, yaani mshono wa muda wa kushikiza tu. Gundi ya plasta inashika la juu kwa nguvu kuliko la juu linavyolishika la kati. Ukivuta, kinachofumuka ni ngozi. Akageuka kumtazama binti yake, bila lawama, akasema, "Unaona? Bandi."

Na kuna mafuta ya ngozi. Tezi zinazoyatoa hulegea, na yale mafuta yanayojaza nafasi kati ya chembe za tabaka la juu hupungua, hivyo maji ya ndani yanatoka hewani na ngozi inapauka. Mwasho mwingi wa wazee unaanzia hapa.

Kopo la vifungo

Nilimwomba anionyeshe kila kitu anachopaka au kuogea, bila kuacha. Binti alileta sabuni ya kufulia ya kipande, dodoki, chupa ya dawa ya kuua vijidudu ambayo mama alikuwa anaitia kwenye maji ya kuoga, na mtungi mzuri wa krimu ya bei, ulioandikwa kwamba una kolajeni. Mama mwenyewe alisita, kisha akatoa kopo la zamani la vifungo. Katikati ya vifungo na vipande vya chaki kulikuwa na tyubu, imekunjwa kutoka chini kwa unadhifu, imebaki tone.

Ilikuwa klobetazoli, krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, ya nguvu ya juu kabisa. Alikuwa amepewa miaka 3 iliyopita kwa ajili ya kiraka kimoja cha ukurutu kwenye kifundo cha mguu, atumie wiki 2. Kiraka kilipona. Lakini krimu ilikuwa inatuliza mwasho kama maji juu ya moto, basi kila ngozi ilipowasha aliipaka, kwanza miguuni, halafu mikononi, na tyubu ilipoisha alinunua nyingine. Aliificha kwenye vifungo kwa sababu moyoni alijua kwamba wiki 2 zimekwisha zamani.

Sikumgombeza, na sidhani anastahili. Dawa ilifanya kazi, hakuna aliyemweleza itakachofanya baadaye, na mtu anayewashwa saa nane za usiku hasomi maandishi madogo. Lakini maandishi hayo yapo kwa sababu: klobetazoli haipaswi kuzidi wiki 2 mfululizo wala gramu 50 kwa wiki. Steroidi huzuia utengenezaji wa kolajeni. Ikipakwa miezi, ngozi inakonda, mishipa inabaki wazi, damu inavilia kwa kugusa tu. Kwa mzee ambaye kitambaa chake tayari kimekonda, ni kama kufua hariri kwa brashi. Madaktari wa Geneva mwaka 2007 walipendekeza hali hii ya ngozi kukonda mpaka kushindwa kazi yake iitwe dematoporosisi, kwa kuifananisha na mifupa inayopukutika. Jina limenisaidia sana. Ukimwambia mtu "makunyanzi" anasikia urembo. Ukimwambia ngozi yake inashindwa kumlinda, anakaa vizuri kukusikiliza.

Mengine yaliyoletwa yalikuwa ya mkondo uleule. Maji ya moto mara mbili kwa siku, dodoki mpaka ngozi "iamke," sabuni kali, dawa ya vijidudu, kisha mafuta baada ya saa nzima, ngozi imeshakauka. Aliona mpauko akaufasiri kuwa ni uchafu au ngozi iliyokufa, akazidi kusugua. Kila alichofanya kuipiga vita mikunjo kilikuwa kinaondoa mafuta machache yaliyobaki, ngozi ikawasha, mwasho ukaleta tyubu, tyubu ikakondesha ngozi. Nikitazama nyuma, umri ndio ulioanzisha, lakini robo tatu ya mateso aliyokuwa nayo ilitoka kwenye mzunguko huu.

Kuhusu ule mtungi wa kolajeni, nilimwambia atumie mpaka uishe, ila asinunue tena. Molekuli ya kolajeni ina uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 300,000 hivi, na kinachopenya ngozi isiyo na jeraha kwa kawaida hakizidi daltoni 500. Kolajeni ya mtungini inakaa juu, inalainisha kama krimu yoyote, kisha inaoshwa. Bei ndiyo inayopenya.

Kwa daktari

Mambo matatu sikuweza kuyaamua mwenyewe. La kwanza, mwasho. Mzee anayewashwa mwili mzima asihesabiwe haraka kuwa ni ukavu. Figo, ini, tezi ya thairoidi na magonjwa ya damu huweza kujitambulisha kwa mwasho, na upele wa kuambukiza hujificha vizuri sana kwa wazee. Vipimo vyake vilitoka vizuri, na katikati ya vidole na kwenye vifundo hapakuwa na upele.

La pili, aspirini. Miaka 4 iliyopita alipata kiharusi kidogo, na tangu hapo anameza aspirini ya kiwango cha chini kila siku. Binti alikuwa amesikia kwamba ndiyo inayoleta mabaka na alitaka kuisimamisha. Ni kweli inachangia. Lakini baka la zambarau linafifia lenyewe kwa wiki chache, na kiharusi cha pili hakifanyi hivyo. Daktari aliiacha palepale. Steroidi aliipunguza hatua kwa hatua, kwanza kwa krimu dhaifu zaidi, badala ya kuikata siku moja.

La tatu sikulitarajia. Nilipompima uzito alikuwa kilo 58. Kwenye kadi yake ya mwaka uliotangulia ziliandikwa 64. Kilo 6 kwa mwaka bila kukusudia ni zaidi ya 9%, na kwa mzee hata 5% inatosha kuuliza maswali. Mikono iliyokuwa inaning'inia juu ya kiwiko haikulegea ngozi tu. Kilichokuwa kinaijaza ngozi, yaani msuli na mafuta, kilikuwa kimeondoka. Daktari alitafuta mambo mabaya na hakuyapata. Jibu lilikuwa mdomoni: meno ya bandia yalilegea, yanamkwaruza, akawa anakula vyakula laini visivyo na protini ya maana na hasemi. Fundi wa meno aliyarekebisha. Ninawaandikia hasa wale wanaotunza wazee wao: mikunjo ikiongezeka ghafla mikononi na mapajani, kabla ya krimu, tafuta mizani.

Tulichofanya, na lililoharibika

Dodoki lilienda kusugua masufuria. Kuoga kukawa mara moja, maji vuguvugu, dakika zisizozidi 10, sabuni isiyo kali na kwa makwapa, sehemu za siri na miguu tu. Kwingine maji yanatosha. Taulo la kukandamiza, si la kusugua. Kisha, ngozi ikiwa bado ina unyevu, ndani ya dakika 3, krimu nzito isiyo na manukato, ikipakwa kwa kushuka kufuata vinyweleo. Jioni tena. Usiku mafuta ya mgando kwenye miguu na soksi za pamba juu yake, kwa sababu mafuta ya mgando huzuia karibu maji yote yasitoke. Sakafu ya bafuni ifutwe mafuta. Na asikae karibu na moto wala kupiga pasi akiwa na nguo iliyolowa mafuta hayo. Kitambaa cha namna hiyo hushika moto upesi.

Kiasi ndicho kilichomshangaza. Miguu miwili pekee, ikipakwa mara mbili kwa siku, inakula gramu 100 hadi 200 kwa wiki. "Huo ni ulafi," alisema. Alikuwa amezoea kuchovya kidole.

Kupaka mara mbili si mapambo. Utafiti uliofanywa kwenye makao 14 ya wazee Australia Magharibi na kuchapishwa mwaka 2014, wenye wakazi 984, uligundua kwamba kupaka krimu mikono na miguu mara mbili kwa siku kulipunguza kuchanika kwa ngozi kwa karibu nusu. Nikiulizwa jambo moja tu la kumfanyia mzee mwenye ngozi ya karatasi, nitajibu hilo. Kwa jua tulichagua mikono mirefu myepesi na losheni ya kukinga jua mgongoni mwa viganja. Alidhani kwa umri wake kumechelewa. Huenda kwa sehemu ni kweli: jaribio kubwa la Nambour huko Australia, lililoonyesha kwamba wanaopaka kila siku kwa miaka 4.5 ngozi yao ilizeeka kwa 24% pungufu, lilipima watu wa chini ya miaka 55. Ila mabaka yanayotokana na mishipa iliyokosa kinga hayapendi jua katika umri wowote.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya. Mwasho ulirudi kwa nguvu baada ya steroidi kupungua, na usiku mmoja alimpigia binti yake kelele amrudishie tyubu. Binti aliweka kitambaa cha maji baridi kwenye miguu, akapaka krimu iliyokaa mahali pa baridi, wakakaa mpaka alfajiri. Wiki ya nne alilala usiku mzima.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili. Kuna dawa moja ya kupaka ambayo imeonyesha kweli kitu kwenye ngozi iliyozeeka yenyewe, mbali na jua: retinoli, aina ya vitamini A. Mwaka 2007 watafiti wa Michigan, Marekani, waliwapaka wazee 36, wastani wa miaka 87, losheni ya retinoli ya 0.4% upande wa ndani wa mkono, hadi mara 3 kwa wiki kwa wiki 24, na mikunjo midogo ikapungua ukilinganisha na mkono wa pili. Nilimtajia daktari, akakubali tujaribu kidogo, na mimi nikaona wiki ya tano inatosha. Haikutosha. Ngozi ilikuwa ndiyo kwanza inajenga tabaka lake. Ikaungua, ikachubuka, akaacha baada ya siku 9 na hajataka kuisikia tena. Ningesubiri miezi 3 au 4. Kwa wengine inafaa. Kwake niliiharibu kwa haraka yangu.

Mazoezi aliyapenda kuliko nilivyodhani: kuinuka kitini bila kushika, mara 10 asubuhi na mara 10 jioni, na kuinua chupa za maji. Kuna utafiti wa Kijapani wa mwaka 2023 ulioonyesha kwamba wanawake wa umri wa kati waliofanya mazoezi ya uzito kwa wiki 16 tabaka la kati la ngozi yao liliongezeka unene. Yeye si wa umri wa kati, na sikumwahidi hilo. Nilimwambia msuli ukirudi, mkono utakuwa na kitu cha kuvalia.

Wiki ya kumi na mbili

Uzito kilo 60. Nyufa za miguu zimefungana, mpauko umeisha isipokuwa siku anazosahau. Mabaka mapya mawili tu kwa mwezi mzima, na hakuna ngozi iliyochanika. Mikunjo ipo. Mkono wa kushoto bado ni wa kushoto, na mtu asiyeijua habari yake hataona mabadiliko yoyote pichani.

Mwaka 2002 Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walichapisha takwimu za watu 660 wa Ohio wenye miaka 50 na zaidi: waliouona uzee wao kwa jicho jema waliishi kwa wastani miaka 7.5 zaidi. Sikumtajia. Anayeona haya na mikono yake ukimwambia kwamba haya hiyo inamfupishia maisha, umemwongezea haya nyingine. Alichofanya alikifanya mwenyewe, kwa sindano. Alijishonea magauni mawili ya pamba laini yenye mikono inayoishia chini ya kiwiko, mishono yote ameigeuzia nje isimkwaruze, na kwa ndani, pale mkono unapokutana na meza, ameweka kitambaa mara mbili. Mifupi bado hataki. "Kitambaa kikongwe hakivutwi," alisema akipima, pini mdomoni.

Kwa mjukuu alitumia muda mrefu zaidi. Siku moja alimwita, akamkata kucha kwanza, akamwonyesha namna ya kubana kwa ncha za vidole bila kuvuta, kisha wakahesabu pamoja mpaka ngozi ilale. Kulia, tatu. Kushoto, nne. Mtoto akataka kujua yake ni ngapi, ikalala kabla hajasema moja, akanuna. Juzi nilipofika kukagua miguu nilisimama mlangoni nisiwakatize: walikuwa wanabishana kama ile ya kushoto ni nne au tano, na bibi ndiye aliyesisitiza tano.